Haki kwa Wote Isipokuwa Mpiga Besi

Leo naomba tukae na albamu moja tu. Tuipekue vizuri, tuisifu panapostahili sifa na tuilaumu panapostahili lawama. Albamu yenyewe ni ...And Justice for All, kazi ya nne ya bendi ya Metallica ya Marekani, iliyotoka mwaka 1988. Ni albamu ya thrashi metali, na nakueleza mapema ninavyoiona: kwa utunzi na upigaji, ni moja ya kazi kubwa kabisa za muziki huo. Kwa uchanganyaji wa sauti, ni kazi iliyoharibiwa na mikono ya wenyewe walioitengeneza. Uzuri wake na ubaya wake vimetoka mahali pamoja, na hapo ndipo ninapotaka tufike leo.

Kwa wewe ambaye hujauzoea muziki huu, thrashi ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kitovu chake kikubwa kilikuwa jimbo la California. Vijana wa huko walichukua metali nzito ya Waingereza, muziki wa bendi kama Motörhead, Iron Maiden na Diamond Head, wakaichanganya na kasi na hasira za punk. Mpiga gitaa wa thrashi hulaza kiganja cha mkono wa kulia juu ya nyuzi ili kuzibana, kisha huzicharaza kwa kasi, mara nyingi kwa kushuka tu bila kupanda. Sauti inayotoka ni kavu, fupi na nzito. Mpiga ngoma hutumia miguu yote miwili kwenye ngoma kubwa za chini. Maneno ya nyimbo hayana habari ya mapenzi wala starehe. Yanahusu vita, wazimu, mahakama, mabomu ya nyuklia na wakubwa wanaowadanganya wadogo. Bendi nne ndizo zinazotajwa kuwa nguzo za aina hii: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax. Na wala muziki wa metali haujabaki Marekani. Nairobi ina bendi zake, na mwaka 2020 kundi la Duma la jijini humo lilitoa albamu ya metali kali kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa hiyo ninapozungumza leo, najua wako wasikilizaji wa hapa kwetu wanaoufahamu muziki huu kwa undani.

Huwezi kuihukumu albamu hii bila kujua ilitoka katika hali gani. Metallica ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981 na vijana wawili: Lars Ulrich, mpiga ngoma mzaliwa wa Denmark, na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa la rithimu. Baadaye akaja Kirk Hammett kwenye gitaa la solo, na kwenye besi akaja Cliff Burton. Burton hakuwa mpiga besi wa kujaza nafasi. Bendi ilimtaka kiasi cha kukubali kuhama Los Angeles na kwenda kuishi upande wa San Francisco, kwa sababu yeye hakutaka kuhamia Los Angeles. Alikuwa na elimu ya muziki, akimpenda Bach, na aliwafundisha wenzake namna sauti mbili za gitaa zinavyoweza kutembea pamoja bila kukanyagana. Alama zake ziko wazi katika Ride the Lightning ya mwaka 1984 na Master of Puppets ya mwaka 1986.

Tarehe 27 Septemba 1986, basi la bendi lilipinduka barabarani nchini Sweden, wakiwa katikati ya ziara. Cliff Burton alifariki katika ajali hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Majuma machache tu baadaye, bendi ilikuwa imeshampata mpiga besi mpya, Jason Newsted, kijana aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Flotsam and Jetsam ya Arizona. Ziara zikaendelea. Hakuna aliyekaa chini kulia kwa nafasi. Yule mgeni ndiye aliyebebeshwa uchungu ambao wenzake hawakuupatia mahali pa kuuweka. Walimfanyia mizaha mikali, wakala na kunywa kwa gharama yake, wakamfanya kila siku ajione kuwa amekalia kiti cha mtu mwingine. Mambo haya wamekuja kuyasimulia wenyewe hadharani.

Hiyo ndiyo nyumba iliyoingia studio Los Angeles mwanzoni mwa mwaka 1988. Kazi ilianza na mtayarishaji Mike Clink, aliyekuwa ametoka kutengeneza albamu ya kwanza ya Guns N' Roses, lakini mambo hayakwenda. Akaitwa Flemming Rasmussen wa Denmark, aliyeshiriki kutengeneza albamu mbili zilizotangulia. Hadi mwanzo wa Mei kurekodi kulikuwa kumekwisha, na wakati sauti zinachanganywa kule Bearsville, jimbo la New York, bendi ilikuwa ziarani ikipiga katika viwanja vya michezo na kwenda na kurudi kusikiliza.

Sasa tuanze na sifa, maana zipo nyingi na ni za kweli.

Sifa ya kwanza ni utunzi. Nyimbo ziko 9 na zinachukua dakika 65. Wimbo mfupi kuliko zote, Dyers Eve, unazidi dakika 5, na nyimbo mbili zinakaribia dakika 10 kila mmoja. Ndani ya nyimbo hizo mna vipande vya gitaa ambavyo bendi nyingine ingevitumia kwa albamu mbili. Sikiliza wimbo unaofungua, Blackened. Unaanza na magitaa yaliyopangwa kwa sauti kadhaa, kisha mkanda ukachezwa kinyume, mwisho kuwa mwanzo, hivyo kila noti inavimba badala ya kufifia. Unasikia kitu kinakuja lakini hujui ni nini. Kisha gitaa kuu linaingia, na hesabu ya mapigo inavunjwa: umeshaanza kutikisa kichwa nne kwa nne, ghafla pigo linapunguzwa na mguu wako unabaki hewani. Wimbo wenyewe unahusu dunia iliyochomwa na binadamu mpaka haifai tena kwa uhai. Muziki unaokunyima mahali pa kuweka mguu unafaa kabisa kwa habari ya ardhi iliyoharibika.

Sifa ya pili ni mkono wa kulia wa James Hetfield. Watu wengi humsifu mpiga solo kwa sababu ndiye anayesikika akipaa. Katika thrashi, shoka liko mikononi mwa mpiga rithimu. Hetfield alirekodi sehemu zake za gitaa zaidi ya mara moja, sauti juu ya sauti, na zikakaa pamoja kwa usahihi unaotisha. Usikilize wimbo wa The Shortest Straw, au ule wa mwisho, Dyers Eve. Kila noti imekatwa kwa makali yake, hakuna inayomwagikia nyingine. Chini ya magitaa hayo, Ulrich naye anapiga ngoma kwa fikra kubwa kuliko kabla na baada ya hapo. Haweki mapigo ya kushikilia mwendo tu. Anayajibu magitaa, anayaongezea nukta na mikato, kiasi kwamba ngoma zenyewe zimekuwa sehemu ya wimbo unaoweza kuukumbuka.

Sifa ya tatu ni maudhui. Jina la albamu ni maneno ya mwisho ya kiapo ambacho watoto wa shule wa Marekani hukisoma mbele ya bendera ya nchi yao, kiapo kinachoahidi haki kwa kila mtu. Picha ya jalada inaonyesha sanamu ya mwanamke wa haki, amefungwa kitambaa machoni kama kawaida, lakini safari hii amezungushiwa kamba zinazomvuta aanguke, na mizani yake imejaa fedha. Wimbo wenye jina la albamu unaishtaki mahakama inayonunuliwa. Eye of the Beholder unahoji uhuru wa kusema ambao una mipaka iliyofichwa. The Shortest Straw unazungumzia watu waliochafuliwa majina na kunyimwa kazi kwa tuhuma tu, kama ilivyotokea Marekani wakati wa msako wa wakomunisti. Dyers Eve ni lalamiko la kijana kwa wazazi waliomfungia ndani ya imani yao mpaka akatoka hajui dunia. Hetfield aliliandika akijua anachokisema: familia yake ilikuwa ya dhehebu la Christian Science lisilokubali matibabu ya hospitali, na mama yake alifariki kwa saratani Hetfield akiwa kijana wa shule. Kwa mara ya kwanza bendi hii ilikuwa na albamu yenye hoja moja inayopita kutoka wimbo hadi wimbo: mtu mdogo akiwa mbele ya nguvu asizoweza kuzijibu.

Sifa hizo zote zimekutana katika wimbo wa nne, One. Askari amekanyaga bomu la ardhini. Amepoteza mikono, miguu, macho, masikio na sauti, lakini akili yake ni nzima, na anaomba afe. Chanzo cha habari hiyo ni riwaya ya Dalton Trumbo, Johnny Got His Gun, iliyotoka mwaka 1939, ambayo Trumbo mwenyewe aliitengenezea filamu mwaka 1971. Trumbo alikuwa mmoja wa waandishi waliofungiwa kazi Hollywood katika msako huo huo wa wakomunisti. Wimbo unaanza polepole, gitaa safi lisilo na kelele, mapigo yakibadilika kati ya nne na tatu, kama mtu anayezinduka usingizini. Hetfield anaimba kwa upole. Kisha, kidogo kidogo, uzito unaongezeka, na baada ya nusu ya wimbo miguu ya Ulrich inaanza kupiga kwa mafungu ya haraka yanayofanana na risasi za bunduki ya rashasha, na magitaa yanaingia kwa mafungu yale yale. Msikilizaji hahitaji kuelewa Kiingereza ili aelewe kilichompata mtu huyo. Hammett anakuja na solo inayokimbia kwa vidole vya mikono miwili juu ya shingo ya gitaa, na hapo hata mtu asiyependa kelele hunyamaza akasikiliza.

Bendi ilikuwa imekataa kwa miaka yote kutengeneza video. Kwa wimbo huu ikakubali, na mwanzoni mwa mwaka 1989 ikatoka video yenye vipande vya ile filamu ya Trumbo, ikioneshwa na kituo cha televisheni cha MTV. Muziki uliokuwa ukipita mkono kwa mkono kwa kanda za kunakili ukaingia sebuleni mwa watu. Februari mwaka huo, tuzo za Grammy zilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya roki ngumu na metali. Metallica wakapiga One jukwaani, kisha tuzo ikaenda kwa Jethro Tull, bendi ambayo haikuwa ya metali, na wengi ukumbini wakashangaa. Mwaka uliofuata, One ikaipatia Metallica tuzo yake ya kwanza ya Grammy.

Msikilizaji, baada ya sifa hizo, tuje kwenye kasoro. Kubwa kuliko zote ni hii: katika albamu hii, gitaa la besi halisikiki. Sisemi limepunguzwa kidogo. Weka albamu kwenye redio kubwa, weka kwenye vipaza vya masikioni, ongeza chini kadiri chombo chako kinavyoruhusu. Utasikia magitaa, utasikia ngoma, utasikia sauti ya Hetfield, na mahali pa besi utakuta shimo.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua besi ni nini. Solo hutamba na sauti ya mwimbaji husifiwa, lakini anayemwinua mtu kitini ni mpiga besi, na ukimwondoa, wachezaji wanarudi kukaa hata kama hawajui kilichowapata. Metali haichezwi kwa kiuno, lakini kanuni ya sauti ni ile ile. Magitaa ya thrashi yaliyobanwa kwa kiganja hutoa sauti kavu ya juu na ya chini. Besi ndiyo inayojaza katikati ya gitaa na ngoma, ndiyo inayofanya pigo moja lisikike kama ukuta badala ya ubao. Bila yake, ngoma za Ulrich zinabaki na mlio wa kugonga, tk tk tk, na magitaa yanakuwa na makali bila uzito.

Ilitokeaje? Hakuna fumbo, kwa sababu wahusika wamesema. Newsted alirekodi sehemu zake akiwa karibu peke yake, na fundi mitambo msaidizi, bila wenzake na bila mtayarishaji kukaa naye kumwongoza. Alipiga kwa kufuata gitaa la Hetfield noti kwa noti, kama alivyozoea kule alikotoka. Rasmussen amesema wazi kwamba alizisikia sauti hizo za besi na zilikuwa nzuri sana. Zilikuwapo. Wachanganyaji wawili, Steve Thompson na Michael Barbiero, wakaziweka mahali pake. Kwa maelezo ya Thompson, Ulrich alikuja na mipangilio yake ya sauti za ngoma, kisha akaagiza besi ishushwe mpaka isikike kwa shida. Ilipofika hapo, akaagiza ishushwe tena. Hetfield naye amewahi kueleza kwamba gitaa lake na besi vilikuwa vikigombania nafasi moja. Pia wamesema masikio yao yalikuwa yamechoshwa na ziara, hivyo walikuwa wakidai sauti kali za juu bila kujua zimezidi.

Maelezo ya masikio nayakubali kwa sehemu. Masikio yaliyochoka yanaweza kukufanya uongeze matoazi. Hayawezi kukufanya uondoe chombo kizima na usitambue. Kilichoondoa besi ni kwamba hakuna aliyeihitaji. Mwenye besi alikuwa amefariki karibu miaka miwili nyuma, na aliyekuwa akiishika sasa hakuwa amepokewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Newsted alipewa jembe, akalima, na siku ya mavuno jina lake likatajwa katika utunzi wa wimbo mmoja tu, Blackened, na kazi ya mikono yake ikafunikwa katika nyimbo zote 9.

Na hapa ndipo uzuri na ubaya vinapokutana, kama nilivyoahidi mwanzoni. Hetfield na Ulrich waliipanga albamu hii wao wawili, gitaa na ngoma, kwa ukali wa watu wanaojaribu kuthibitisha kwamba kifo hakijawavunja. Kila pengo walilijaza kwa kipande kingine cha gitaa, kila pigo wakaliwekea jibu la ngoma. Ukali huo ndio uliotupa Blackened na One. Ukali huo huo ndio uliomfanya mtu wa tatu asiwe na mahali pa kusimama.

Wako wanaoitetea sauti hii. Wanasema ukavu na ubaridi wake unafaa kwa habari ya mahakama zisizo na huruma na askari aliyefungwa ndani ya mwili wake. Wanasema ungeweka besi, ungepasha moto kitu kilichotakiwa kuwa baridi. Ni hoja yenye akili, na kwa muda mrefu ilinishawishi kuifikiria. Lakini tuna ushahidi wa kuipima. Agosti mwaka 1989 Metallica walipiga Seattle katika ziara ya albamu hii hii, na maonesho hayo yalirekodiwa kwa picha na sauti; yalitolewa mwaka 1993 ndani ya mkusanyiko wa Live Shit: Binge & Purge. Usikilize Blackened ya Seattle, halafu Harvester of Sorrow, kisha One. Besi ya Newsted iko mbele, inanguruma, na nyimbo hazijapoteza ubaridi hata chembe. Zimeongezeka kishindo. Hasa Harvester of Sorrow, wimbo wa mwendo wa polepole kuhusu mtu anayeingia wazimu na kuigeuzia familia yake ghadhabu. Studioni unasikika mwepesi kuliko habari yake, lakini Seattle unakukalia kifuani. Ubaridi wa nyimbo hizi umo katika utunzi wenyewe. Haukuhitaji kuletwa na mtu wa kuchanganya sauti.

Kasoro ya pili ni urefu. Mwaka 1986 Slayer walitoa Reign in Blood, albamu nzima ya thrashi isiyofika dakika 30, na hakuna aliyelalamika kwamba amepunjwa. Urefu wenyewe haunisumbui. Master of Puppets nayo ina nyimbo ndefu, na kila dakika yake ina kazi. Katika albamu hii kuna mahali ambapo kipande kizuri kinarudiwa baada ya kuwa kimeshasema yote. Wimbo wenye jina la albamu una mwanzo mzuri wa gitaa tulivu na kipande cha katikati cha kukumbukwa, lakini unazunguka njia ile ile mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na kwa karibu dakika 10 hoja yake inaanza kulegea. Wenyewe waliligundua hilo jukwaani. Hammett amesimulia jinsi walivyokuwa wakiupiga wimbo huo na kuona watu wa mistari ya mbele wakipiga miayo. Baada ya ziara hiyo, waliuweka kando kwa miaka mingi kabla ya kuurudisha mwaka 2007.

Kasoro ya tatu ni kwamba nyimbo hazilingani. Eye of the Beholder una hoja nzuri, lakini mwendo wake mzito unajirudia bila kupanda wala kushuka, na kuwekwa kwake kati ya wimbo wa jina la albamu na One kunaufanya uonekane mwembamba zaidi. The Frayed Ends of Sanity una vipande bora vya gitaa ambavyo havijashikamana kuwa wimbo mmoja. Metallica wenyewe hawakuwahi kuupiga mzima mbele ya watu mpaka mwaka 2014, huko Helsinki, miaka 26 baada ya kuutoa. Si kwamba nyimbo hizo ni mbaya. Katika albamu ya bendi ya kawaida zingekuwa fahari. Hapa zimezungukwa na kazi zilizozizidi.

Wimbo wa To Live Is to Die nauweka peke yake. Ni wimbo wa vyombo, wenye maneno machache yanayosemwa bila kuimbwa kuelekea mwisho, na umejengwa kwa mabaki ya kazi za Cliff Burton, ambaye ametajwa kati ya watunzi. Gitaa tulivu mwanzoni, uzito mkubwa katikati, huzuni isiyofichwa, kisha utulivu tena. Hapa urefu wa karibu dakika 10 haunichoshi, kwa sababu maombolezo hayana saa. Lakini hapa pia ndipo shimo la besi linapouma kuliko mahali pengine. Wamemtengenezea mpiga besi wao wimbo wa kumuaga, na katika wimbo huo besi haisikiki.

Baada ya hapo Metallica walibadilika. Albamu iliyofuata, ile yenye jina la bendi, ilitoka mwaka 1991 chini ya mtayarishaji Bob Rock. Ilikuwa na nyimbo 12 ndani ya dakika 62, wakati hii tunayoizungumzia ina 9 ndani ya 65. Nyimbo zikafupishwa, hesabu za mapigo zikanyooshwa, na Rock akaiinua besi ya Newsted ikasikika hadi mtaa wa pili. Ni kama bendi ilikaa na orodha ya makosa ya mwaka 1988 ikayafuta moja baada ya jingine. Ilipata mamilioni ya wasikilizaji wapya, lakini ule ujasiri wa kutunga wimbo wenye milango minane haukurudi tena kwa kiwango hicho. Newsted alibaki hadi mwaka 2001, akaondoka.

...And Justice for All yenyewe haikuumia sokoni: ilifika nafasi ya 6 katika chati ya albamu ya Billboard, na Marekani peke yake imeuza nakala zipatazo milioni 8. Mwaka 2018 ilitolewa upya, sauti zikiwa zimesafishwa, lakini uchanganyaji wa zamani ukaachwa vile vile. Bendi husema albamu ni kumbukumbu ya wakati wake na isibadilishwe. Naiheshimu hoja hiyo. Mtu asiende kufuta toleo la mwaka 1988, kwa sababu ndilo lililozoeleka masikioni mwa mamilioni. Lakini kulihifadhi la zamani hakuzuii kutoa jipya pembeni yake. Mashabiki wamekuwa wakizipandishia besi nyimbo hizi wao wenyewe, kila mmoja kwa uwezo wake. Kazi hiyo ni ya Metallica, kwa uwazi na kwa jina la Newsted juu ya jalada. Albamu iliyomshtaki kila mwenye nguvu anayemnyamazisha mdogo haistahili kuendelea kubaki na mtu aliyenyamazishwa ndani yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa utunzi, kwa upigaji wa gitaa la rithimu, kwa ujasiri wa maudhui, na kwa One peke yake, albamu hii inastahili kukaa safu ya mbele ya thrashi yote. Chini ya Master of Puppets, naam, kwa sababu Master of Puppets ina kila kitu ambacho hii inacho na besi juu yake. Lakini juu ya karibu kila kitu kingine kilichotoka California miaka hiyo.

Na wewe msikilizaji unayetaka kuianza, nakushauri hivi. Anza na One, kwa sauti ya kutosha, bila kufanya kazi nyingine. Ukivutiwa, rudi mwanzo na Blackened, kisha ruka hadi Harvester of Sorrow, To Live Is to Die na Dyers Eve. Halafu tafuta yale maonesho ya Seattle ya mwaka 1989, usikilize nyimbo hizo hizo huku ukimfuatilia Jason Newsted peke yake. Ukimaliza utakuwa umeisikia albamu hii nzima, kama ilivyopigwa na watu wanne.